Hofu ya watu ndani ya ukoo wa Kihindi: uanzie wapi

Katika koo nyingi za Kihindi kijana anayeogopa watu hagunduliki mapema, kwa sababu hofu yake inasifiwa. Wageni wakija anasalimia, anainamisha kichwa, anatokomea jikoni. Shangazi anamgeukia mama: "Umelea. Binti ana adabu huyu." Miaka inapita hivyohivyo. Akifika miaka 22 au 25, biodata yake, karatasi ya wasifu wa kutafutia mchumba, inaanza kuzungushwa kwa wenye watoto wa kuoa, na watu walewale waliousifu ukimya wake sasa wanamtaka aketi sebuleni mbele ya wageni saba, azungumze, acheke kidogo, na chai asiimwage.

Mwongozo huu ni wa binti huyo, na wa kaka yake ambaye kila harusi ikitajwa ghafla ana mzigo wa kupokea dukani. Nimeuandika nikiziwaza hasa familia za Kigujarati, za Rajkot na Ahmedabad na za wajukuu wao walioko Upanga, Parklands, Mombasa na Leicester. Mpunjabi wa Lahore au Mbengali wa Dhaka atabadilisha majina ya vyakula na sherehe, mengine atayatambua.

Ushauri mwingi kuhusu hofu hii umeandikiwa mtu anayeishi peke yake kwenye fleti, ambaye taabu yake kubwa ni tafrija ya ofisini. Anaambiwa aweke mipaka, aseme hapana, achague watu wa kukaa nao. Sasa wewe ambaye bibi yako analala chumba cha pili, baba yako mdogo ndiye anayekulipa mshahara, na mwezi wa Desemba una harusi nne, mipaka hiyo utaiweka wapi? Huwezi kuwakwepa watu wako, na ukijaribu utalipa gharama kubwa. Kinachobaki ni kuwazoea kidogo kidogo. Na desturi zilezile zinazokutisha, ukizichunguza moja moja, nyingi zinaweza kukubeba.

Hatua ya 1: Pima kama ni upole tu

Kuna watu wapole kwa asili. Mpole huchelewa kuchangamka. Mpe nusu saa na sahani ya bhajia, utamsikia anacheka na binamu zake. Kuna na wanaopenda upweke: wakiondoka mapema wanafurahi, wala hawajutii. Hao wote hawaumwi chochote na wasisumbuliwe.

Mwenye hofu anatamani kuwa pale, ila anaamini kila jicho linampima na kwamba muda wowote atafanya jambo la kumwaibisha. Kadi ya harusi ikiletwa mwezi mmoja kabla, usingizi unaanza kukatika siku hiyohiyo. Ukumbini moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, uso unawaka, koo linakauka. Akirudi nyumbani anakaa macho hadi saa nane usiku akilichambua kila neno alilotamka.

Hali hiyo ikidumu miezi 6 au zaidi, tena ikawa inakunyima vitu (usaili wa kazi, masomo, marafiki, hata kula mbele za watu), hapo madaktari huihesabu kuwa ugonjwa, na ugonjwa huo una tiba. Mara nyingi huanza kati ya miaka 8 na 15, umri ambao nyumbani kila mtu anadhani ni haya za kukua.

Hatua ya 2: Andika ngazi yako, na uandike nani yupo

Chukua daftari. Orodhesha mambo yanayokutisha, kila moja ulipe alama kuanzia 0 hadi 10. Hadi hapo ni kazi ya kawaida ambayo mtaalamu yeyote wa hofu angekupa. Mimi naongeza jambo moja: pembeni ya kila jambo andika nani atakuwepo. Kumpelekea baba chai ni sifuri. Chai hiyohiyo kuwapelekea dada watatu wa mkwe mtarajiwa ni tisa.

Ngazi ya binti wa chuo anayeishi Upanga inaweza kuwa hivi:

- Kumpigia simu Masi, dada wa mama, kumpongeza siku ya kuzaliwa badala ya kumtumia ujumbe: 2
- Kuweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: 3
- Kubaki hekaluni Kisutu mpaka prasad, chakula kilichobarikiwa, igawiwe, asikimbilie viatu vyake: 4
- Kula mwalikoni mbele ya wakubwa: 5
- Kuingia duara la ndani la garba, ngoma ya Kigujarati: 6
- Kuingia ukumbi wa Diamond Jubilee peke yake, harusi ikiwa imeanza: 7
- Kuwapa chai wageni waliokuja kumwona: 9
- Kusema maneno machache usiku wa sangeet ya dada yake, sherehe ya nyimbo na ngoma kabla ya harusi: 10

Anza na la 2. Lirudie mpaka likuchoshe, ndipo upande. Wengi huharibu hapa: mwaka mzima hawafanyi lolote, halafu Desemba wanajitosa kwenye harusi ya watu 800, wanatoka wameungua, wanaapa hawarudi tena. Hofu hushuka kwa marudio ya karibu karibu. Simu tatu kwa wiki kwa Masi zitakufaa kuliko harusi moja kwa mwaka.

Kuhusu lile kundi la WhatsApp, usilihame. Zima sauti yake, na mara moja kwa siku ingia ujibu jambo moja.

Hatua ya 3: Zigeuze desturi ziwe mazoezi

Hapa ndipo mtu wa ukoo wa Kihindi anapomshinda yule wa kwenye fleti. Yeye inambidi atafute mahali pa kufanyia mazoezi. Wewe mazoezi yanakuja mlangoni na kadi yenye picha ya mungu Ganesh.

Chukua salamu. Mwenye hofu huumizwa na salamu kwa sababu hajui aseme nini wala imalizike lini. Kwa wazee wa Kihindu salamu imekwisha pangwa: unainama, unagusa miguu, mkono wa mzee unatua kichwani pako, anatamka baraka, unainuka. Hakuna anayekudai maneno ya ziada. Kwa hiyo ukiingia ukumbini usitafute kona ya kujificha. Nenda moja kwa moja kwa mzee wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ukimaliza wazee watano, nusu ya ukumbi imekuona, umeshasifiwa, na mwili umeanza kutulia kwa sababu umekuwa na kazi ya kufanya.

Kisha itazame Navaratri, sikukuu ya Kihindu inayochezewa garba. Usiku 9 mfululizo, Septemba au Oktoba kufuatana na mwezi, watu walewale, uwanja uleule, hatua zilezile. Muziki uko juu kiasi kwamba hakuna anayetarajia mazungumzo. Duara linazunguka, kwa hiyo hakuna anayekukodolea macho zaidi ya sekunde mbili tatu. Daktari akitaka kubuni zoezi la kumzoeza mtu umati, sijui angepata wapi bora kuliko hili. Usiku wa kwanza na wa pili simama tu pembeni, ila usishike simu. Wa tatu ingia duara la nje na hatua za be taali, makofi mawili, ambazo hata watoto wanaziweza. Ukikosea, aliye nyuma yako atakupita na duara halitasimama. Kuanzia usiku wa sita sogea ndani, ujaribu tran taali, makofi matatu. Dandiya ya vijiti iweke mwisho kabisa, maana pale mnakutana ana kwa ana na lazima vijiti vigongane kwa wakati mmoja.

Masingasinga wana langar, jiko la gurdwara, hekalu lao, linalomlisha kila anayeingia bila kumuuliza dini wala kabila. Wasafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa wanalijua la Makindu, kwenye hekalu lililojengwa 1926. Mwombe anayesimamia akupe zamu ya kugawa roti. Watu wamekaa chini mistari kwa mistari, vichwa vimefunikwa. Wewe unapita na kapu, anayetaka anakunjua viganja viwili, unamwekea, unasogea kwa mwenzake. Unaonana na watu wengi, kila mmoja kwa muda wa pumzi moja, na wengi wao macho yako kwenye sahani. Ukiwa na hofu ya kuanzisha mazungumzo, kazi hii inakupa sentensi moja ya kurudia na sababu halali ya kuondoka.

Sinia la Mabohora, Waislamu wenye asili ya Gujarat, huitwa thaal, nalo ni habari nyingine. Watu saba au wanane wanalizunguka sinia moja kubwa, wanaanza kwa kuonja chumvi, kisha mikono yote inaingia mahali pamoja. Kwa anayeogopa kula mbele za watu huo ni mtihani mzito, sikufichi. Uweke juu kwenye ngazi yako. Anza na sinia la nyumbani siku ya kawaida; kisha mwalikoni, kwenye sinia la binamu wa rika lako; sinia la wakubwa wa jamaa liache mpaka ushindwe kukumbuka mara ya mwisho ulipokabwa na tonge.

Hatua ya 4: Yajue maficho yako

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwa nini hofu hii haifi yenyewe hata kwa mtu anayekutana na watu kila siku. Mtu akiingia kwenye kundi, macho yake yanageuka ndani: anausikiliza moyo wake, anaujenga uso wake kichwani jinsi anavyodhani wengine wanauona. Halafu anajilinda kwa vijimbinu. Shughuli ikiisha salama, anaamini vijimbinu ndivyo vilivyomwokoa. Hajui kwamba hata bila hivyo asingepatwa na kitu.

Jikoni ndiyo maficho makuu ya ukoo wa Kihindi, na hakuna atakayekushuku, kwa kuwa huko unaonekana mchapakazi. Mengine ni kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kumbeba mtoto wa mtu jioni nzima, kumwacha mama ajibu kila unachoulizwa, kuipanga sentensi kichwani mara kumi kabla ya kuitamka, kuchekea kila kitu. Chagua moja tu uliache kwa jioni moja. Kama ni jikoni, jipe robo saa, kisha toka na sahani ya dhokla, ipitishe kwa wageni, na ikibaki tupu usirudi kuijaza. Keti.

Ukisikia joto linapanda usoni, yapeleke macho nje. Sari ya huyu shangazi ina pindo la rangi gani? Anayeongea anasimulia nini hasa? Huhitaji kutulia kwanza ndipo usikilize. Sikiliza ukiwa hujatulia.

Sasa trei ya chai, maana ndiyo inayoogopwa kuliko vyote. Chai imechemshwa na maziwa, tangawizi na iliki, vikombe sita juu ya visosi, trei ya chuma. Mkono ukitetemeka kidogo tu, vikombe vinaanza kulia juu ya visosi, na mlio huo unakutisha kuliko hata kumwaga. Basi unaikamata trei kwa nguvu zako zote, na misuli iliyobanwa hivyo ndiyo inayotetemeka zaidi. Shusha mabega. Viwiko viguse mbavu. Tembea mwendo wako wa kila siku, usinyate. Mara za kwanza jaza vikombe robo tatu, si dhambi. Ukizoea, vijaze kamili. Kisha siku moja, mbele ya mashangazi wa kawaida, viache vilie makusudi uone litakalotokea. Aghalabu litakalotokea ni mtu kuchukua kikombe chake na kuuliza kama kimetiwa sukari.

Hatua ya 5: Maswali ya wakubwa

Yatakuja. Utaolewa lini, unalipwa kiasi gani, mtihani wa darasa la 12 ulipata asilimia ngapi, mbona umenenepa, mbona umekonda, mtoto wa pili vipi. Wanaouliza wengi hawana nia mbaya. Kwao hivyo ndivyo mazungumzo yanavyoanzishwa. Nao wanapenda kuulizwa. Kwa hiyo jibu liwe fupi, litaje mapema cheo cha aliyeuliza (Masi, au Masa mumewe, au Kaki, mke wa baba mdogo), na limalizike kwa swali lako:

"Bado, Masi. Siku ikifika wewe ndiye wa kwanza kujua. Goti linaendeleaje baada ya ile safari ya India?"

"Inatosha, Masa, kwa baraka zenu. Dukani msimu huu ukoje?"

"Ni chakula cha mama, Kaki. Wewe achari ya maembe mwaka huu umeweka?"

Majibu matatu ya namna hii yafanyie mazoezi kwa sauti, chumbani, mpaka ulimi uyazoee. Matatu tu, ukiandaa thelathini utakuwa umerudi kwenye kupanga sentensi kichwani.

Swali la rangi ya ngozi mimi silihesabu humu. Anayekuambia umekuwa mweusi mbele ya watu hakudai jibu la adabu. Unaweza kunyamaza, ukamtazama, ukainuka kwenda kumsalimia mwingine.

Hatua ya 6: Mwambie mmoja nyumbani

Kabla ya kumlaumu baba kwa kuogopa maneno ya watu, ujue hofu yake ilikotoka. Wafanyabiashara waliotoka Kutch na Kathiawar, huko Gujarat, kuvuka bahari karne ya 19 walikopeshana mali kwa kuaminiana. Kijana aliteremka Zanzibar au Mombasa hana kitu zaidi ya jina la baba yake, na jina hilo lilimpatia kazi, mali ya mkopo, baadaye na mke. Allidina Visram, aliyekuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda, aliajiri vijana wengi wa namna hiyo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, walioshuka Leicester na sanduku moja walianza upya kwa kutegemea jamaa na jina. Kwa hiyo baba akisema "log kya kahenge", watu watasema nini, anazungumzia kitu ambacho kwa babu yake kilikuwa dhamana ya mkopo. Akisikia mtoto wake "ana ugonjwa wa akili", anawaza ndoa yako, ya dada yako, na mlango wa duka.

Ndiyo maana usianzie kwenye jina la ugonjwa. Anzia mwilini: moyo, tumbo, usingizi, jasho. Neno ghabrahat, la Kihindi na Kiurdu, maana yake fadhaa, wazee wanalijua na halimwogopeshi mtu. Mwambie Ba, yaani bibi: "Ba, nikiingia kwenye watu napata ghabrahat, moyo unakwenda mbio, usiku silali. Nataka kumwona daktari." Mara nyingi bibi ni mwepesi kuelewa kuliko baba, ameona mengi, na baba hawezi kumbishia. Ba akitaka kukuzungushia chumvi na pilipili nyekundu kichwani kisha azichome kuondoa nazari, yaani kijicho, mwache. Haikuzuii kwenda kliniki, na akishamaliza yeye ndiye atakayewaambia wengine wakuache upumzike.

Mtu wa pili wa kumwambia ni yule mtakayekwenda naye kwenye shughuli. Bhabhi, mke wa kaka, huwa anafaa sana, kwa sababu naye aliingia ukoo huu akiwa mgeni na anakumbuka jinsi ilivyokuwa. Mpe masharti mawili: asikujibie unapoulizwa, na asikuruhusu kuondoka hofu ikiwa kileleni. Mkae mpaka ipungue hata kidogo, ndipo muage. Ukiondoka ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuponya.

Hatua ya 7: Kikao cha kuonana na mchumba

Usikubali sebule kamili iwe mara yako ya kwanza. Omba, kupitia kwa mama au bhabhi, simu fupi kabla, kisha chai ya nusu saa mahali pa wazi mkiwa na mtu mmoja wa kila upande. Familia nyingi za siku hizi, India na Afrika Mashariki, hazioni ajabu. Wakubwa wenye msimamo wa zamani watalalamika. Jibu la mama liwe kwamba sebule itafuata. Mkiwa wawili, unaweza kusema waziwazi: "Mimi mbele ya watu wengi huwa nachelewa kuongea." Anayeshindwa kuyapokea maneno hayo amekuokolea muda.

Kuna msemo ninaousikia sana kwenye koo hizi: akiolewa atachangamka. Si kweli. Nyumba ya mkwe ina macho mengi zaidi, yasiyokujua, na kule huna hata jikoni uliyoizoea. Kwa mvulana vivyo hivyo, maana atatarajiwa kuwa msemaji wa nyumba. Ukiona ndoa inaharakishwa ili kukutibu, sema unahitaji muda, na umwombe Ba akusemee.

Hatua ya 8: Usiku baada ya shughuli

Kesi utaiendesha mwenyewe kitandani, wewe mshtakiwa na wewe hakimu. Ikatishe kwa mistari miwili kwenye daftari: nilitabiri nini, kilitokea nini. "Nilisema wote watanicheka, Foi, dada wa baba, aliniuliza nimepima wapi blauzi." Funga daftari. Usimpigie binamu kumuuliza kama ulionekana wa ajabu. Akikuhakikishia, faraja yake haitafika asubuhi.

Hatua ya 9: Daktari, na siri yako

Ikiwa umepanda ngazi miezi miwili mitatu na bado umekwama, au umeacha chuo au kazi, tafuta mtaalamu. Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo, ile inayoitwa CBT: vikao vya kila wiki, kwa kawaida kama 14 hadi 16, mkifanya kwa mpangilio mambo yanayofanana na hayo ya juu. Dawa zipo pia. Zinazotangulizwa ni za jamii ya sertraline na escitalopram. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na haziachwi ghafla. Propranolol, ambayo vijana hupeana kabla ya kusimama jukwaani, ni hatari kwa mwenye pumu, na haiitibu hofu yenyewe. Diazepam inazoesha mwili haraka. Usinunue hata moja kati ya hizo kwa maelekezo ya binamu mwenye duka la dawa.

Kinachowazuia wengi ni siri: daktari wa familia anasali na mjomba wako. Basi nenda kwa asiye wa jamii yenu, au tumia simu. India kuna Tele-MANAS, namba 14416, huduma ya serikali iliyoanza Oktoba 2022, ya bure, usiku na mchana, Kigujarati kikiwa miongoni mwa lugha zake. Na sheria ya afya ya akili ya mwaka 2017 inakupa haki ya kutunziwa siri. Uingereza, upande wa England, unaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS bila kupitia kwa daktari wako. Kwa Dar es Salaam kuna idara ya afya ya akili ya Muhimbili, Nairobi kuna hospitali ya Mathari, Kampala kuna ya Butabika. Kikao cha kwanza muulize mtaalamu waziwazi: nani mwingine atajua kwamba nimekuja hapa?

Ukianza kuwaza kujidhuru au kwamba bora usingekuwepo, ngazi iweke kando. Mwambie mtu leo, aende nawe hospitali iliyo karibu.

Hatua ya 10: Panga mwaka wako kwa kalenda ya ukoo

Kwa Wahindu wanaofuata Chaturmas, msimu mtakatifu wa kujizuia, harusi husimama kwa takriban miezi minne, kuanzia Juni au Julai mpaka siku kama 11 baada ya Diwali. Mwenye hofu huupokea msimu huo kwa nderemo, na ndio unaomrudisha nyuma, kwa kuwa mazoezi yanakufa. Utumie kwa mambo madogo: simu za Masi, prasad ya Jumapili, chakula cha mchana kwa binamu, kisha usiku 9 za garba zitakazoangukia humohumo. Diwali ikipita na kadi zikaanza kumiminika, usiahidi zote. Chagua mbili za watu unaowafahamu, fika mapema kabla ukumbi haujajaa, gusa miguu ya wazee, kula, na uage wakati watu wanaanza kupanga foleni ya picha. Ya tatu, ile ya upande wa mkwe wa dada yako ambayo huwezi kuikwepa, uende bhabhi akiwa kando yako, na jioni iliyotangulia yasome tena yale majibu yako matatu.